Mgonjwa wa akili ahitaji kazi, si dawa pekee

Huenda mtaani mwako yupo kijana aliyewahi kupelekwa hospitali ya Mathari, akakaa huko majuma kadhaa, kisha akarudishwa nyumbani. Alipoondoka alikuwa akipiga kelele usiku na kujibizana na sauti ambazo hakuna mwingine aliyezisikia. Aliporudi alikuwa ametulia. Majirani walimwona, wakamshukuru Mungu, wakaendelea na shughuli zao.

Lakini ukichunguza, msomaji, utagundua kwamba tangu arudi kijana huyo hafanyi lolote. Huamka saa 4 asubuhi, akanywa chai, akaketi kwenye ngazi za ploti mpaka jua limfikie, kisha akahamia upande wa kivuli. Jioni hula, humeza dawa, hulala. Kesho yake ni vivyo hivyo. Hakuna anayemtuma dukani kwa sababu "atapoteza chenji". Hakuna anayemuuliza maoni yake kuhusu jambo lolote la nyumbani. Baada ya miezi minane anaacha dawa, kwa kuwa haoni zinampatia nini, na haupiti muda jamaa zake wanachanga tena pesa za teksi.

Safari hiyo ya kwenda hospitali na kurudi huwachosha jamaa, humaliza akiba yao, na mwishowe huwafanya waamini kwamba mtu wao hatapona kamwe. Hata hivyo, mara nyingi kilichokosekana si dawa kali zaidi wala mganga mwingine. Kilichokosekana ni shughuli ya kumwamsha asubuhi. Katika makala haya tutaeleza kwa nini wataalamu wengi siku hizi wanaihesabu kazi, tena kazi ya kweli yenye malipo, kuwa sehemu ya matibabu yenyewe na si tuzo anayopewa mgonjwa akishapona.

Kwanza tuelewane kuhusu maradhi tunayozungumzia. Si huzuni ya siku mbili tatu wala mawazo ya karo. Ni magonjwa mazito kama skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti, aamini mambo yasiyokuwapo na kuchanganyikiwa katika mawazo. Na baipola, ambayo humpandisha mtu juu kwa furaha na kasi isiyo ya kawaida, kisha ikamtupa chini katika majonzi makubwa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba watu wapatao milioni 24 walikuwa wakiugua skizofrenia ulimwenguni, yaani mtu mmoja katika kila 300. Ukifikiria idadi ya watu walio katika mtaa mmoja wa Nairobi kama Kayole, utaona kwamba hili si jambo la mbali.

Jambo la kuhuzunisha zaidi ni umri. Maradhi haya huanza sana kati ya miaka ya mwisho ya ujana na miaka ya ishirini na kitu, wakati ule ule mtu anapomaliza shule, kujifunza ufundi au kutafuta ajira ya kwanza. Wenzake wanapopanda ngazi, yeye yumo wodini. Akitoka, hana cheti, hana mazoea ya kazi, na pengine hana rafiki hata mmoja aliyebaki.

Hapa ndipo familia nyingi hufanya kosa la kwanza. Humwona mtu wao ameketi siku nzima, wakasema, "Huyu sasa ni mvivu. Wazimu umekwisha, uvivu ndio umebaki." Msomaji, ningependa ulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu limeharibu nyumba nyingi. Skizofrenia ina pande mbili. Upande mmoja ni ule unaoonekana na kila mtu: sauti, kelele, shaka kwamba majirani wanataka kumwekea sumu. Upande wa pili hauna kelele. Mtu hupoteza hamu. Huongea maneno machache. Uso wake hauonyeshi furaha wala hasira. Hushindwa kuanza jambo hata kama analitaka. Aidha, kumbukumbu na umakini hupungua, hivyo ukimwagiza vitu vitano hurudi na viwili.

Dawa zilizopo hutuliza vizuri upande wa kwanza, lakini upande wa pili haziufikii sana. Na baadhi yake huleta madhara yanayofanana kabisa na uvivu: usingizi mzito asubuhi, ukakamavu wa viungo, mikono kutetemeka, kunenepa. Kwa hiyo yule unayemwita mvivu huenda anapigana vita usivyoviona. Kumkaripia hakumsaidii. Kumwacha aketi hakumsaidii pia, kwa maana kadiri mtu anavyokaa bila shughuli ndivyo hamu inavyozidi kufifia, na ndivyo sauti zinavyopata nafasi ya kusemezana naye.

Basi afanye kazi gani, na lini?

Kwa miaka mingi jibu la madaktari lilikuwa: ngoja kwanza. Apone kabisa, afundishwe, apimwe, kisha atafutiwe kazi. Hospitali nyingi za zamani za akili duniani zilikuwa na mashamba na karakana ambamo wagonjwa walilima, walifua na kusuka vikapu. Kazi hiyo iliitwa tiba, na kwa kuwa iliitwa tiba, haikulipwa. Mwandishi huyu hana neno baya juu ya vikapu. Lakini mtu mzima anayesuka vikapu miaka kumi, visivyonunuliwa na yeyote, anajua vyema kwamba anachezeshwa.

Mabadiliko yalianza polepole katika nchi mbalimbali. Mjini Trieste, Italia, daktari Franco Basaglia alichukua usimamizi wa hospitali ya akili mwaka 1971. Wagonjwa waliokuwa wakisafisha wodi bila malipo waliunda chama cha ushirika, wakaanza kulipwa mshahara halali kwa kazi ile ile. Mwaka 1978 Italia ilipitisha sheria ya kufunga hospitali za aina hiyo hatua kwa hatua, na vyama vya ushirika vinavyowaajiri watu waliowahi kuugua vikaenea nchini humo.

Huko New York, Marekani, kundi la watu waliotoka hospitali ya Rockland lilianza kukutana katika miaka ya 1940 ili wasiwe wapweke. Mwaka 1948 ikafunguliwa Fountain House, nyumba ambamo anayekuja haitwi mgonjwa bali mwanachama. Wanachama na wafanyakazi hupika pamoja, hujibu simu pamoja, huweka hesabu pamoja. Nyumba hiyo pia hupatana na waajiri wa mjini ili wanachama wapewe nafasi za muda, kwa kawaida miezi kadhaa na kwa saa chache kwa siku. Mwanachama akiugua siku moja, mwingine au mfanyakazi wa nyumba huenda kushika zamu yake, na mwajiri hapati hasara. Utaratibu huo umeigwa katika nchi nyingi.

Lakini waliopindua kabisa wazo la "ngoja kwanza" ni watafiti wa New Hampshire, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakiongozwa na Robert Drake na Deborah Becker. Walisema: usimfundishe kwanza kisha umtafutie kazi. Mtafutie kazi kwanza, kazi ya kawaida yenye mshahara wa kawaida, kisha umfundishe akiwa kazini. Usimkatalie yeyote kwa kuwa bado anasikia sauti. Ukimuuliza kama anataka kazi akasema ndiyo, hiyo yatosha. Tafuta kazi anayoipenda yeye, si ile iliyo rahisi kwako. Anayemtafutia kazi akae meza moja na daktari na muuguzi wake, wasifanye kazi kama watu wasiojuana. Na muhimu kuliko yote, asiachwe baada ya kuajiriwa. Msaada uendelee kwa muda wote anaouhitaji.

Je, wazo hilo lilifaulu? Lilipimwa mara nyingi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007 ulifanywa katika miji sita ya Ulaya, ikiwamo London, Zurich na Sofia, ukihusisha wagonjwa 312 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Miongoni mwa waliopelekwa moja kwa moja kazini, asilimia 55 walipata kufanya kazi. Miongoni mwa waliofundishwa kwanza kwa njia ya zamani, ni asilimia 28 tu. Tena waliopelekwa kazini mapema hawakuzidisha ugonjwa, kama wengi walivyohofia. Walirudishwa hospitalini kwa uchache kuliko wenzao.

Utasema, msomaji, kwamba hayo ni ya Wazungu wenye viwanda na mishahara. Ni kweli kwamba hapa kwetu hata mwenye shahada na akili timamu hutembea na bahasha miaka mitatu. Lakini Afrika haikungoja kufundishwa yote. Mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianzisha utaratibu wake Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa wodini, aliwapangisha katika vijiji vilivyozunguka hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumtunza. Walikuja hospitalini kupata matibabu, na saa nyingine walikuwa vijijini wakilima na kushiriki maisha ya wanakijiji. Baadaye Lambo alipanda hadi kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Na karibu zaidi nasi, huko Sodo, kusini mwa Addis Ababa nchini Ethiopia, watafiti waliwafunza watu wa kawaida wasio wauguzi wala madaktari. Hawa waliwatembelea nyumbani watu wenye skizofrenia kwa muda wa miezi 12. Waliwasaidia kurudia usafi wa mwili, kazi za nyumbani na shamba, na kwenda sokoni. Walizungumza na jamaa na wazee wa mahali. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliotembelewa waliweza kujimudu katika maisha ya kila siku kuliko wale waliopewa matibabu ya zahanati peke yake. Hakuna kilichohitajika hapo ambacho Kenya haina.

Kwa hakika hapa nyumbani kazi imeanza, ingawa ni ndogo ukiilinganisha na haja. Shirika la BasicNeeds lilianza shughuli zake nchini katikati ya miaka ya 2000, likiunganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hutenganishwa: matibabu katika zahanati za karibu, na vikundi ambamo wagonjwa na watunzaji wao huweka akiba na kuanzisha miradi ya kujipatia riziki. Kuna pia chama cha watu wenyewe waliopitia maradhi haya, Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, kilichoanzishwa mwaka 2007. Vikundi vyake vya kusaidiana vya Nairobi vilitajwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 miongoni mwa mifano mizuri ya huduma za akili katika jamii. Ni jambo la kujivunia, na inashangaza ni Wakenya wangapi hawajapata kulisikia.

Kikundi kina nguvu kwa sababu kinafanana na chama cha kawaida tunachokijua sote. Mtu hutoa mchango wake mdogo, zamu yake ikifika hupokea, akanunua kuku au gunia la makaa. Asipofika mkutanoni mara mbili, wenzake humfuata nyumbani kuuliza, na huenda wakagundua mapema kuliko daktari kwamba halali usiku.

Tumrudie sasa yule kijana wa ngazini. Tuseme kabla ya kuugua alikuwa akijifunza ufundi wa umeme wa magari. Jambo la kwanza ni kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Huenda hataki tena gereji. Huenda anataka kufuga kuku, au kuuza mitumba na shangazi yake. Familia hupenda kumchagulia mgonjwa, na kazi aliyochaguliwa na wengine huachwa upesi.

Akisema gereji, zungumza na fundi mnayemwamini. Aanze saa mbili kwa siku, siku tatu kwa juma. Kama dawa humlaza mpaka saa 4, aanze saa 5. Wakati huo huo aende kliniki aeleze kwamba sasa anafanya kazi, aulize kama dozi inaweza kumezwa usiku au kubadilishwa, au kama anaweza kuwekwa kwenye sindano ya kila mwezi. Asipunguze dawa mwenyewe kwa kuwa zinampa usingizi. Hilo ndilo shimo ambalo wengi wameangukia. Miezi ya kwanza asipewe mashine ya kukata chuma wala kupanda juu ya paa, na asiendeshe bodaboda, mpaka ionekane dawa zinamchukuaje. Pombe, bangi na miraa avikae mbali. Vinajulikana kuamsha sauti zilizokwisha kunyamaza.

Fundi naye aelezwe mambo machache. Maagizo yawe moja moja, au yaandikwe kwenye kipande cha karatasi. Asimkaripie mbele ya wateja. Ampe nafasi ya kutoka nje dakika tano kelele zikimzidi. Siku ya kliniki ni siku ya kliniki, haikatwi mshahara wala haigeuzwi mzaha.

Wewe uliye meneja katika ofisi au kiwanda, mambo yako si tofauti sana. Mfanyakazi aliyerudi kutoka wodini hahitaji huruma yako wala kazi ya kupewa kwa jina tu. Anahitaji kuanza kwa saa chache, kuondolewa kwenye zamu ya usiku, kwa maana kukosa usingizi huweza kumrudishia baipola kwa siku chache tu, na mtu mmoja ofisini anayeweza kumwambia, "Naona leo hauko sawa." Hayo hayagharimu pesa. Hofu kwamba atampiga mtu ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Wengi wa wagonjwa hawa hawana vurugu yoyote, na wao ndio hupigwa na kuibiwa zaidi.

Je, mgonjwa amwambie mwajiri ukweli? Hapa wataalamu hawana amri moja. Anayesema hupata nafasi ya kuomba siku za kliniki na zamu nafuu. Anayesema pia huweza kuanza kuitwa "yule wa Mathari" kabla ya saa sita mchana. Uamuzi ni wa mgonjwa, si wa kaka yake anayeijua ofisi ile. Njia ya katikati ni kumweleza mkubwa mmoja tu, na kusema kile kinachohitajika kazini bila kutaja jina la ugonjwa.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliuhesabu ulemavu wa akili sawa na ule wa viungo, na ikaweka lengo la asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu hao. Nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Jopo la serikali lililochunguza hali ya afya ya akili nchini, likiongozwa na Dkt Frank Njenga, lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa. Mgonjwa aliyekadiriwa na madaktari wa hospitali ya serikali anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kikundi chake kikaomba ruzuku au kuwania zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na walemavu. Familia nyingi hazisajili mtu wao kwa aibu. Aibu hiyo inawanyima pesa.

Jambo lingine ni ugonjwa kurudi. Huenda kijana wetu akafanya kazi miezi mitano vizuri, kisha akaanza kukesha, kushuku wateja na kusema mambo yasiyoeleweka. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo, usingoje avue nguo barabarani. Na umwombe fundi amwekee nafasi yake. Mwenye kisukari akilazwa juma moja hafutwi, na hakuna anayesema amethibitisha kwamba hawezi kazi.

Limebaki suala la malipo, ambalo huzua ugomvi kuliko mengine yote. Siku ya kwanza ya mshahara, hata kama ni shilingi 600, zipokelewe na yeye mwenyewe. Jamaa wengi husema wanamwekea. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mama, pesa huingia kwa mama, na kijana huomba nauli kama mtoto wa darasa la pili. Kama ana baipola na hofu ni kwamba akipanda juu atatumia zote kwa siku moja, kaeni naye akiwa mzima, mkubaliane kiasi kitakachokwenda kwenye akiba ya chama na kiasi kitakachobaki mfukoni mwake, na maneno hayo yawe yake. Kisha nendeni pamoja, akiwa na kitambulisho chake, asajili laini kwa jina lake.